Meza ya Chakula cha Mchana na Uwanja wa Kamukunji

(Maneno aliyoyasema wakili mmoja mbele ya wanachama wa kikundi cha haki na amani cha kanisa, waliokuwa wakijiandaa kuanzisha mikutano ya chakula cha mchana ya kila juma na kuwaalika wanasiasa.)



Mmeniomba nizungumze juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, nalo ni namna ya kumkaribisha mwanasiasa mezani. Mnakusudia kukutana kila Alhamisi saa saba mchana, mle pamoja, mmsikilize mgeni mmoja, mmwulize maswali, kisha kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Mmeniarifu kwamba mfano huu mmeuchukua kwa vilabu vya huduma kama Rotary na Lions. Nimekubali kuja kwa sababu mkutano wa namna hiyo una mahali pake katika historia ya mageuzi ya nchi hii, mahali ambapo wasimulizi wetu hupapitia haraka mno, wakikimbilia mawe na mabomu ya machozi ya Saba Saba.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe 3 Mei 1990. Klabu ya Rotary ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilikuwa imemwalika balozi wa Marekani, Smith Hempstone, awe mgeni wake wa juma hilo. Hempstone hakulelewa katika kazi ya ubalozi. Alikuwa mwandishi wa habari aliyepata kulizunguka bara hili akiyaandikia magazeti ya kwao, na Rais George Bush, yule baba, ndiye aliyemtuma kwetu mwishoni mwa 1989.

Wengi wenu mliokuwa watu wazima wakati ule mnaikumbuka hali kuliko mimi. Tangu Juni 1982, Kifungu cha 2A cha Katiba kilikuwa kimeifanya KANU kuwa chama cha pekee kwa nguvu ya sheria. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea, na yako maeneo ambako mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndio mshindi, mchana kweupe, mbele ya macho ya waliosimama. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarani akautazama ukuta wa Berlin ulivyoanguka, akauliza tawala za chama kimoja za Afrika zingesimama mpaka lini. Alitukanwa na wakubwa karibu wote. Februari ya mwaka huo huo Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, aliuawa, na nchi ikaingia katika minong'ono ambayo mpaka leo haijaisha.

Katika hewa hiyo balozi alisimama baada ya chakula akasema, kwa maneno ya kistaarabu kabisa, kwamba katika Bunge la nchi yake kulikuwa na mkondo wenye nguvu wa kutaka misaada ya uchumi ielekezwe kwa mataifa yanayolea taasisi za kidemokrasia, yanayotetea haki za binadamu na yanayofuata siasa za vyama vingi. Hakumtaja mtu. Hapakuwa na haja ya kumtaja.

Siku hiyo hiyo, hapo hapo Nairobi, waliokuwa mawaziri, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliwaita waandishi wa habari wakataka Kifungu cha 2A kifutwe na mfumo wa vyama vingi urejeshwe. Wakuu wa KANU hawakukubali hata kidogo kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa sadfa.

Sasa tazameni kilichowapata wasemaji hao. Balozi alishambuliwa majukwaani na magazetini, akaambiwa arudi kwao, lakini alikaa Nairobi mpaka 1993 akamaliza muda wake. Matiba na Rubia waliomba leseni ya kufanya mkutano wa hadhara Kamukunji tarehe 7 Julai. Leseni ikanyimwa. Tarehe 4 Julai wakakamatwa na kutiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, chini ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma. Wananchi walikwenda Kamukunji bila wao, na mnajua polisi waliwapokea kwa nini. Mawakili kadhaa walikamatwa pia, akiwamo Gitobu Imanyara aliyekuwa akihariri jarida la Nairobi Law Monthly, na mwenzao Gibson Kamau Kuria alilazimika kukimbilia ubalozi wa Marekani kuokoa nafsi yake. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini mwaka 1991, na hakurudi kuwa mtu yule wa zamani.

Jambo lile lile, katika mji ule ule, miezi miwili tu ikiwa kati. Penye meza lilisemwa na mgeni akapigiwa makofi ya heshima. Penye uwanja liliitwa uhaini.

Mimi ni mwanasheria, na swali langu la kwanza huwa sheria ilisemaje. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ni mali tuliyoirithi kwa mkoloni. Ni ya mwaka 1950. Kabla ya marekebisho ya 1997, mtu aliyetaka kufanya mkutano wa hadhara alikwenda kwa Mkuu wa Wilaya kuomba leseni, naye akipenda alitoa, asipopenda alinyima. Vijijini chifu aliweza kutawanya watu waliokaa chini ya mwembe kuzungumza habari za bei ya kahawa. Watu walihesabiana vichwa. Hata FORD ilipotangazwa Agosti 1991 ilikuwa na waasisi 6 tu, ili wasifikie idadi ambayo Sheria ya Vyama ingewadai usajili. Hebu fikirini wazee wazima kama Jaramogi Oginga Odinga na Masinde Muliro wakihesabiana kama abiria wa matatu wanaoogopa polisi wa barabarani.

Meza ya Rotary haikuhitaji leseni. Ilikuwa ya chama kilichosajiliwa, ndani ya jengo, kwa wanachama na wageni wao. Hiyo ndiyo sababu ya kisheria, nayo ni ya kweli. Lakini mwenye macho aliiona sababu ya pili. Wanaokaa katika meza za namna ile ni watu wa benki, wa viwanda, wa bima, madaktari, na mawakili pia, ambao serikali haikuwa na desturi ya kuwapiga marungu wakiwa na uma mkononi. Uhuru wao ulitokana na adabu ya watawala kwao, na adabu ikiondoka hauna mahali pa kudaiwa. Kama haki ni haki, mchuuzi wa Gikomba anayo sawasawa na mkurugenzi wa benki, na anayo akiwa amesimama juani.

Kwa nini basi mnataka kuiga meza hiyo? Nimejiuliza hivyo usiku, na jawabu nililolipata ni kwamba ndani ya desturi zake kuna mambo mawili matatu ambayo mikutano yetu ya siasa, ya jana na ya leo, haijapata kuwa nayo.

Tuchukue utaratibu wenyewe. Vilabu hivi vilianzia Chicago. Rotary mwaka 1905, na mwanzilishi wake Paul Harris alikuwa wakili, jambo ambalo sisi wa kazi hii hupenda kulitaja bila kuulizwa. Lions ilifuata 1917. Kengele hupigwa, sala ya chakula husomwa, wageni hutambulishwa, watu hula. Mgeni hupewa dakika 20 au 30. Kisha maswali. Kisha mwanachama mmoja hutoa shukrani, kengele hupigwa tena, na watu wametoka kabla saa nane haijapita sana. Mgeni hata awe mkubwa kiasi gani, kengele haiko mkononi mwake. Nani kati yenu amepata kumwona mbunge wetu mahali ambapo kengele haiko mkononi mwake? Kwenye mazishi hufika amechelewa na maiti hungoja. Kanisani hupewa kipaza sauti baada ya matangazo, na ibada hurefuka kwa saa nzima, na hakuna mkristo anayeinua mkono kuuliza swali kwa sababu tupo mbele ya madhabahu. Kwenye uwanja huja na vijana wake, na anayeuliza swali hujua atakachokipata njiani.

La pili, na hili ndilo ninalotaka mlitie moyoni, ni habari ya malipo. Katika meza ile kila mwanachama hujilipia chakula chake. Mgeni ndiye anayelishwa. Hatarajiwi kuacha bahasha, wala hakuna kikapu kinachopitishwa mbele yake. Kwetu mambo yamepinduka. Mwanasiasa ndiye anayelisha, na anayelishwa hukaa kimya. Tumelea desturi ambamo mgeni wa siasa akifika bila kitu husemwa mpaka kwa watoto wake, na akifika na kitu husamehewa shule zisizo na walimu na zahanati zisizo na dawa.

Kanisa limeanza kuliona hili. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwapiga wanasiasa marufuku kuhutubu katika mimbari za Kanisa la Kianglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alizikataa fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, akaagiza zirudishwe. Wako waumini walionung'unika wakati ule, wakisema nyumba ya padri itajengwa na nani. Ni swali la haki, na anayekataa fedha za mkubwa lazima awe tayari kulijibu kwa mfuko wake mwenyewe.

Mwenyekiti amenidokezea, na amenipa idhini niseme, kwamba mmoja wa wanaotaka kuwa mgeni wenu wa kwanza amejitolea kulipia chakula cha watu wote, tena kwa miezi mitatu. Kamati imegawanyika. Baadhi wanasema ni ukarimu, wengine wanaogopa. Mimi sikuitwa kupiga kura, lakini mkiniuliza kama wakili, nitawaambia kwamba hongo kwa mpiga kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na kwamba mstari kati ya ukarimu na hongo huwa mwembamba sana kwa mtu anayetafuta kiti. Mkiniuliza kama muumini mwenzenu, nitawaambia kwamba siku atakapowalipia sahani, nyinyi mtakuwa wageni na yeye mwenyeji, na mgeni mstaarabu hamwulizi mwenyeji wake barabara ilikwenda wapi. Pikeni githeri. Kila mmoja atoe senti za kikombe chake cha mahindi na maharagwe. Asiyekuwa nazo jirani yake amtolee kimya kimya. Mheshimiwa ale githeri hiyo hiyo, kwa gharama yenu.

Sasa niseme juu ya yale ambayo msiige.

Rotary ina kanuni katika katiba ya vilabu vyake kwamba masuala yoyote ya umma yanayohusu ustawi wa watu yanaweza kujadiliwa mezani, lakini klabu isimwunge mkono mgombea yeyote, wala isijadili ubora au upungufu wake. Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo ni njema mno, nami nawasihi mwiandike ukutani: msimpigie debe mtu. Leo mkimwita huyu, juma lijalo mwiteni mpinzani wake, na muwape dakika zile zile. Lakini nusu ya pili haitufai. Pengine inafaa mahali ambapo rekodi ya mgombea huchambuliwa kila siku na magazeti na mahakama. Sisi tunaye mgeni aliyesimamia fedha za wadi kwa miaka mitano. Tukikatazwa kuuliza alizisimamiaje, tutazungumza naye nini? Hali ya hewa? Mwulizeni, kwa heshima, mkiwa na karatasi za matumizi mikononi.

Msiige pia lugha. Mikutano ile huendeshwa kwa Kiingereza, na Kiingereza katika nchi hii ni ukuta wenye geti na mlinzi. Swali liulizwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama wa mwulizaji, na kijana mmoja atafsiri.

Kisha kuna habari ya akina mama. Rotary haikuwakubali wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1989, na hata hapo haikuja kwa hiari peke yake. Klabu moja ya mji wa Duarte, California, ilikuwa imewaingiza wanawake na kufukuzwa kwa kosa hilo. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1987 ilisema sheria ya jimbo ya kukataza ubaguzi ilikuwa na nguvu juu ya vilabu vile. Kwa hiyo Hempstone aliposimama kuzungumza juu ya demokrasia, mlango wa wanawake katika Rotary ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu uliotangulia.

Na wanawake wa Kenya walikuwa wapi? Mwaka huo huo 1989 Profesa Wangari Maathai alikuwa akipigana peke yake, karibu, kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda kukaa katika bustani hiyo, wakafunga kula, wakidai wana wao. Siku chache baadaye, tarehe 3 Machi, polisi waliwaangukia kwa marungu na gesi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari waliokuwa na umri wa watoto wao. Walihamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, na hapo wakaendelea. Wafungwa karibu wote waliachiliwa mwaka uliofuata. Mama hao hawakuwa na chakula cha mchana, achilia mbali meza. Nimewataja ili mtu yeyote asitoke hapa akidhani kwamba vyama vingi tuliletewa na balozi kwenye sahani. Ni kweli wafadhili walisimamisha misaada mipya huko Paris mwishoni mwa Novemba 1991, na juma moja baadaye KANU ikakubali huko Kasarani kuachia Kifungu cha 2A. Bunge likakifuta Desemba hiyo hiyo. Lakini kabla ya Paris palikuwa na Kamukunji, mara mbili.

Mwisho ni sheria ilivyo sasa, maana hili mliniandikia waziwazi.

Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Leseni ilikwisha tangu marekebisho ya 1997. Sheria ya Utulivu wa Umma yenyewe huitoa mikutano ya wanachama wa chama kilichosajiliwa, inayofanywa kwa shughuli halali za chama hicho, katika hesabu ya mikutano ya hadhara. Kadhalika mikutano ya dini. Kwa hiyo mkikaa wenyewe kwa wenyewe humu ukumbini, hamna deni kwa mtu. Lakini mkifungua geti na kumkaribisha kila apitaye amsikilize mgombea, ni busara kumpelekea mkuu wa kituo cha polisi taarifa, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya mkutano. Nasema taarifa. Nimeona barua nyingi za vikundi vyema zikianza kwa maneno "tunaomba ruhusa", na ofisa anayeombwa ruhusa hujifunza upesi kuinyima. Andikeni "tunakuarifu". Wekeni nakala iliyopigwa muhuri wa kituo. Akijibu kwamba mkutano hauwezi kufanyika, mwombeni aseme kwa maandishi ni kwa nini, kisha niiteni hata kama ni usiku, sitawatoza ada.

Sisemi haya kana kwamba kila kitu kimekwisha kuwa sawa. Juni 2024 na tena Julai 2025 vijana wetu waliuawa barabarani wakiitumia haki hiyo hiyo ya Kifungu cha 37, na baadhi ya wazazi wao wamo katika makanisa yetu. Umbali kati ya meza na uwanja umepungua katika maandishi kuliko ulivyopungua katika risasi. Kwa sababu hiyo, mgeni wenu wa kwanza, awe wa chama tawala au wa upinzani, mwulizeni kabla ya lolote lile alikuwa wapi siku hizo na alisema nini, na katibu aandike jibu lake neno kwa neno.

Basi kamati ikutane, imjibu yule bwana wa miezi mitatu. Barua iwe fupi: tumeupokea ukarimu wako kwa shukrani, chakula kimekwisha kulipiwa, tunakutarajia Alhamisi saa saba kamili, una dakika 20, na maswali yatafuata. Kama atafika, mtakuwa mmejua jambo moja juu yake. Kama hatafika, mtakuwa mmejua jingine.

Bwana Mwenyekiti, dakika zangu nimezimaliza. Naomba maswali.